Pini ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 8 Aprili

Agizo la usalama wa ndege limefika asubuhi, chai haijapoa. Fundi Mkuu alilishika akiwa amesimama, miwani iko juu kwenye paji la uso. Maana yake hakulisoma, alilitazama tu. Akanipa. "Hebu soma wewe, binti, macho yangu leo yamegoma." Hayajagoma. Hakutaka sauti yake iwe ya kwanza kulitamka.

Ndege ya aina yetu, nchi ya mbali huko, ilitua vizuri kabisa. Ikakimbia barabarani vizuri. Halafu mguu wa kushoto ukakunjika kama goti la mlevi! Walitoka wote hai, lakini wengine wametoka wamevunjika. Chanzo ni pini. Kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, kazi yake kuushika mguu usikunjike pale uzito wote unapoukalia. Kilikuwa na ufa.

Basi — ndege zote za aina hii zisiruke mpaka pini za miguu zikaguliwe. Ikiwa na ufa, ndege inakaa chini mpaka ipate pini mpya. Ikiwa safi, inaruhusiwa kuruka siku chache huku pini mpya zikisubiriwa, kwa sababu mwisho wa yote zitabadilishwa zote, nzima na mbovu. Hakuna mjadala. Ni lazima.

Sisi tuna ndege mbili. Kobe, lile kubwa, ni la aina nyingine, halihusiki. Na Bibi Harusi — mweupe, mwembamba, miguu mirefu — ndiye peke yake anayeweza kutua viwanja vifupi vya milimani. Agizo ni lake.

Na milimani ndiko aliko Kitindamimba wetu, mdogo wangu, na mimba yake. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Daktari wa kule alisema wazi: huyu asije akashikwa na uchungu hapa, sisi hatuna damu ya akiba, mpelekeni mjini mapema. Siti yake ni ya Alhamisi. Barabara hakuna, mto ulilichukua daraja wiki iliyopita.

Nimemwambia Mama chakula kilikuwa kitamu. Sijamwambia kingine.

Jumanne, 9 Aprili

Tumempandisha Bibi Harusi kwenye jeki tangu asubuhi. Ndege iliyoinuliwa hivyo huwa naionea haya, kama mgonjwa aliyefunuliwa shuka mbele za watu.

Pini ya kulia ilitoka kwa hiari. Ya kushoto ilikataa. Mrefu — fundi mwenzangu, mtu wa kugonga kichwa kila mlango — aliibembeleza kwa mafuta na nyundo ya plastiki. "Toka mama, toka, hakuna atakayekupiga." Ikatoka hatimaye, kwa shingo upande.

Nikaziosha. Nikazipaka dawa nyekundu, nikaziacha zinywe. Nikazipangusa mpaka zikawa kama hazikuguswa, halafu nikazipulizia unga mweupe. Hapo ndipo unaposubiri. Kama chuma ni kizima, weupe unabaki weupe. Kama kina ufa, ile dawa iliyojificha ndani inarudi juu taratibu. Inajisema yenyewe.

Ya kulia — nyeupe. Kama ukuta mpya.

Ya kushoto — nyeupe. Nyeupe. Nikashusha pumzi. Ndipo ukatokea mstari. Mwembamba, mwekundu, kama unywele wa mtoto mchanga, karibu na pale pini inapopinda kuingia kwenye kichwa chake. Mfupi. Ungeweza kuufunika kwa ukucha.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," Mrefu akasema, akacheka peke yake. Halafu akanigeukia. "Mkaguzi, huo si mkwaruzo tu? Pini ilitoka kwa ugomvi hii."

Inawezekana. Mkwaruzo nao hunywa dawa. Fundi Mkuu akautazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu. Akanirudishia kioo.

Kwa sheria mkwaruzo na ufa vikiwa havitofautishiki, ni ufa. Nimeikataa. Nimeifunga lebo nyekundu.

Meneja alikuja na viatu vyake vya ofisini, akaruka dimbwi la mafuta, akauliza pini mpya itakuja lini. Lini! Dunia nzima imeamka leo inataka pini hiyohiyo. Akaondoka na simu sikioni tayari.

Nyumbani, Mama anatandika kitanda cha pili chumbani kwake. "Mdogo wako Alhamisi anafika saa ngapi?"

"Ndege ina hitilafu kidogo, Mama."

"Si mko nyinyi mafundi?"

Jumatano, 10 Aprili

Meneja amepiga simu kila mahali. Kampuni ile nyingine yenye ndege ndogo — zao nazo ziko kwenye jeki. Helikopta ya jeshi inabeba watu waliozingirwa na maji bondeni. Ameandikisha jina la Kitindamimba. Wamesema watajitahidi. Neno hilo "tutajitahidi" mimi nalijua, huwa nalitumia mwenyewe.

Mchana shemeji, mume wa Kitindamimba, akapiga. Ni mwalimu yule, hata akiwa na hofu anaongea kama anasoma imla, neno kwa neno. Mkewe ametokwa na damu. Kidogo. Imekoma. Amelazwa kwa uangalizi. "Usiwe na wasiwasi, shemeji." Kisha: "Ndege ni kesho, au sivyo?"

Nikamwambia. Alisema "sawa" mara nyingi mno.

Jioni nilipofungua mlango Mama alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, kile cha wageni. Shemeji alishampigia.

"Nani aliyeifunga hiyo ndege?"

"Ni agizo, Mama. Limekuja kwa ndege zote."

"Agizo lina mikono? Aliyeshika kalamu ni nani?"

"Mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, polepole, kama mtu anayeonja chumvi: "Wewe." Akaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limezimwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya siti yake.

Mvua. Paa la karakana ni bati tupu, huwezi kusikia hata mawazo yako. Mchana Fundi Mkuu akaniita kwa mkono kule mezani kwake.

"Nimeirudia," akasema. Pini ya kushoto ilikuwa juu ya kitambaa, imepuliziwa unga. Nyeupe. Nikaigeuza. Nyeupe pande zote! Pale palipokuwa na mstari — hakuna kitu.

Nilifurahi. Naiandika hivyo hivyo: nilifurahi mpaka nikashika meza. Nikamwona Kitindamimba anashuka ngazi za ndege anajishika kiuno, anamtukana rubani kwa mitikisiko. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

Halafu nikaona pini inang'aa. Pale tu. Kwingine chuma kina rangi yake ya kawaida, pale kinang'aa kama kijiko. Na pembeni ya kitambaa, msasa laini, umekunjwa vizuri.

"Umeisugua."

"Kidogo. Kuondoa mkwaruzo."

"Mzee."

"Ulikuwa mkwaruzo, binti. Sasa haupo."

"Ukisugua chuma kinatandazika juu, kinaufumba mdomo wa ufa. Dawa haipati pa kuingia. Ufa upo palepale, umefunikwa shuka tu." Nilikuwa napiga kelele kwa ajili ya mvua. Nadhani ilikuwa kwa ajili ya mvua. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo! Hapahapa, mezani hapa."

Akavua miwani. Bila miwani anaonekana mzee kweli. "Najua nilichokufundisha. Nimeijua kazi hii kabla hujaota meno ya pili. Na mara nyingi, mara nyingi sana, kimstari kama kile ni mkwaruzo. Nilikuwa nakutafutia mlango."

Mlango! Kwa ajili yangu. Mtu ambaye hajawahi kuniruhusu niache hata waya wa usalama umelegea. Mkewe ndiye aliyemshonea Kitindamimba gauni la harusi. Hakulala jana, inaonekana, alikaa akiwaza mdogo wangu, akaja asubuhi na msasa. Nifanyeje na upendo wa namna hiyo? Ningemkasirikia vizuri zaidi kama angehongwa.

Saini zinatakiwa mbili, yake na yangu. "Yangu ipo," akasema. "Yako ni yako. Ukikataa sitakulaumu. Ukikubali pia sitakulaumu." Akaniachia pini mkononi. Bado ilikuwa na joto la mkono wake.

Nimekaa nayo kwenye stoo ya matairi. Nikampigia Kitindamimba.

"Dada! Huyu mtoto anapiga mateke kama refa kamnyima penalti."

"Unajisikiaje?"

"Kama dirisha. Nimewekwa tu hapa, kila anayepita ananichungulia." Akacheka, akaacha kucheka, nikasikia amevuta pumzi. "Wananikataza hata kwenda chooni. Dada, kule mnaendeleaje?"

"Tunaendelea."

Hakuniuliza nini kinaendelea. Yeye hajui lolote kuhusu pini, kuhusu mstari. Anajua tu dada yake ni fundi wa ndege na ndege itakuja. Tangu mdogo akivunja kitu alikuwa anakileta kwangu hata hajalia.

Jumla ya yote: sijui. Sijui kama ni mkwaruzo. Mashine ya kupima kwa umeme, ambayo ingeona ndani hata kama juu pamefumbwa, iko kwenye karakana kubwa ya kampuni nyingine, na foleni yake sasa ni ya pini za watu wote. Wiki, wamesema.

Nimerudi nyumbani na kumweleza Mama kila kitu. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka nisaidiwe kubeba. Kosa.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo Mama ndiye aliyeniamkia mimi. Alikuwa ameketi kitandani kwangu, ovaroli yangu mapajani, ameipiga pasi. Ovaroli! Nani hupiga pasi ovaroli?

"Mzee wako amesema ni nzima," akasema.

"Amesema huenda."

"Na mdogo wako, naye huenda?" Akanishika mkono. Viganja vyake vimekauka kama gome. "Tangu baba yenu afariki sijakuomba kitu. Ulitaka kusomea vyuma, nikasema kasome. Ulikataa wachumba, nikasema ni wako uliowakataa. Leo naomba. Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu. Sembuse chuma?"

Nilivaa ovaroli yenye mikunjo ya pasi nikatoka. Nilijisikia kama bi harusi wa kichekesho.

Karakana nzima ilikuwa inanitazama huku ikijifanya haitazami. Kapteni alikuwa ameegemea gurudumu, anamenya chungwa. Ndiye angekwenda kumchukua Kitindamimba. Ni rubani mzuri, maneno machache.

"Ungeruka nayo?" nikamuuliza.

"Ukisaini, naruka."

"Sikukuuliza hivyo."

"Basi usiniulize." Akatema mbegu kiganjani. "Mimi kazi yangu ni kuiamini saini yako. Nikianza kuisoma sura yako, hatutaruka popote."

Nikamuuliza abiria wangapi wanasubiri kule juu. Ndege imejaa, akasema. Mgonjwa wa figo yumo, na mama mwenye watoto, na walimu wa mitihani. Nikajaribu kuwawaza. Niseme kweli? Sikuweza. Nilikuwa naiona sura moja tu. Na hapo ndipo nilipojiogopa. Kwa sababu nilijua, kama naijua njia ya nyumbani, kwamba nikikaa na ile pini mfukoni mpaka mchana, nikapokea simu moja zaidi ya shemeji, nitasaini. Nitasaini na nitajiambia ulikuwa mkwaruzo. Na ningeamini!

Ufa wa chuma hauzibwi.

Nikaenda kwenye msumeno wa umeme. Kanuni inaruhusu — inataka, hasa: kifaa kilichokataliwa kiharibiwe, kisije kikarudi kazini kwa bahati mbaya au nzuri. Nikaibana pini kwenye jiriwa, pa kukatia pawe mbali kidogo na pale panapong'aa, ili sehemu hiyo ibaki kwa kupimwa. Mrefu akasema, "Mkaguzi? Mkaguzi, subiri —" Nikawasha.

Ulilia vibaya, msumeno. Cheche. Harufu ya chuma kilichoungua. Halafu vipande viwili vikaanguka kwenye sinia, tin, tin.

Fundi Mkuu aligeuka akautazama ukuta. Kuna kalenda ya mwaka juzi pale. Aliisoma kwa muda.

Meneja alikuja mbio. "Umefanya nini?"

"Nimeifunga ndege."

"Ilikuwa imefungwa!"

"Sasa nimeifunga hata kwangu mwenyewe."

Hakuelewa, au alielewa. Akaviweka vile vipande kwenye bahasha vipelekwe kupimwa, akasema angalau tujue. Angalau! Sijui kama nataka kujua. Ikiwa ni ufa, nimeokoa ndege iliyojaa. Ikiwa ni mkwaruzo, nimekata njia ya mdogo wangu kwa mkono wangu, na msumeno.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama hasemi nami. Ananipakulia, anaweka sahani, anaondoka.

Damu tena alfajiri. Zaidi ya ile ya kwanza. Wameisimamisha. Shemeji hakusoma imla leo. Alisema sentensi nusunusu.

Helikopta: watajitahidi.

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Simu ya Meneja. Nilidhani ananifukuza kazi, nikaketi kabisa nifukuzwe nimekaa.

Amepata pini! Jozi. Mpya, za toleo jipya, na vyeti vyake vyote. Siku mbili hakutoka ofisini, amepigia kila kampuni yenye ndege ya aina yetu, moja baada ya nyingine, hadi akampata mwenye karakana nchi jirani ambaye ndege yake ina ugonjwa mwingine mkubwa zaidi na haitaruka mwezi huu. Amemwomba pini zake. Yule bwana akasema pini haziazimwi. Meneja akamwambia habari za Kitindamimba. Yote, mpaka kondo la nyuma. "Nikamwambia hata jinsi wewe ulivyoikata ile," akasema. Sauti imekauka kama mtu aliyehutubia. "Akauliza, huyo mkaguzi ni dada yake hasa, mama mmoja? Nikasema ndiyo. Akasema tuma mtu aje achukue."

Na mimi nilikuwa nimemwekea Meneja sura moyoni mwangu — viatu, na simu. Nimelia jikoni, bomba likiwa wazi.

Kobe anapita huko kesho. Kapteni atazibeba mwenyewe, kwenye begi lake la mkononi.

Nikamwambia Mama mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa anasali. Hakusimamisha sala, lakini mgongo wake ulisikia.

Jumanne, 16 Aprili

Jana sikuandika. Jana ilikuwa kusubiri forodha tu, na kusubiri hakuandikiki.

Leo. Pini zilikuwa kwenye karatasi ya mafuta, zimefungwa kama pipi. Nimezikagua kwanza mwenyewe — namba, vipimo, dawa nyekundu, unga mweupe. Nyeupe. Nilizitazama mpaka macho yakatoa machozi, nyeupe.

Fundi Mkuu ndiye aliyezifunga. Tangu Ijumaa tumeongea ya spana na bolti tu. Alipomaliza ya kushoto akasogea, akasema, "Pita nyuma yangu. Kagua."

"Nitakagua, ni kawaida."

"Usikague kwa kawaida. Kagua kama mimi ni mwanafunzi wako wa wiki ya kwanza." Akaiweka mikono mifukoni. "Ile ya Alhamisi," akasema. "Nilipokuwa nasugua nilikuwa najisikia mtu mwema. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Nilimshika kiwiko. Tukaendelea.

Kisha jaribio la kukunja na kukunjua miguu, ndege ikiwa juu ya jeki. Pampu inaunguruma, miguu inapanda tumboni, inashuka tena, na ndani kwa rubani taa tatu za kijani lazima ziwake: pua, kulia, kushoto. Taa ndiyo ahadi kwamba mguu umefika na umejifunga.

Mara ya kwanza: pua. Kulia. ... Kushoto.

"Imewaka," Mrefu akapaza sauti kutoka kiti cha rubani.

"Imechelewa."

"Imewaka lakini!"

"Rudia."

Pua. Kulia. Na kushoto ikakaa. Ikakaa. Ikawaka kama mtu anayeamshwa.

Wakati huohuo simu yangu mfukoni. Shemeji. "Inatoka tena. Shemeji, inatoka, daktari anasema wakimpasua hapa bila damu ya kuongeza —" Mtandao ukakatika. Nilisimama chini ya bawa nimeshika simu iliyokufa. Wote wamesikia. Taa zilikuwa zinawaka! Zote tatu! Zilichelewa tu, kidogo, kama mtu anayevaa viatu. Kapteni alikuwa mlangoni na kofia tayari, Meneja nyuma yake. Hakuna aliyenihimiza. Wangenihimiza ningepata wa kumgombeza.

"Fungueni kushoto," nikasema.

Aliyegundua ni Fundi Mkuu. Akiwa amelala chali, tochi mdomoni. Waya wa kitambuzi, kile kinachoiambia taa kwamba mguu umefika, ulibanwa wakati tunafunga pini. Yeye ndiye aliyeubana. "Mimi," akasema kutoka chini, wazi, ili wote wasikie. Tukabadilisha waya. Tukaurudia mtihani. Pua, kulia, kushoto, pwaa! Pamoja, kama makofi. Tukarudia mpaka Mrefu akasema ndege itapata kichefuchefu.

Nikasaini. Yeye akasaini. Nikatazama nje, na jua lilikuwa limekwisha.

Uwanja wa kule juu hauna taa.

Ule waya umekula mchana wetu wote. Kapteni amesema tunaondoka kunapopambazuka, kukiwa na upenyo tu kwenye mawingu. "Tunaondoka," amesema, akinitazama. Basi na mimi naenda. Daktari mmoja wa hospitali kuu amekubali kuja, na sanduku la damu kwenye barafu.

Mama amenifungulia mlango. Amenitazama mikono, myeusi mpaka kwenye viwiko. Akaenda akaleta beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akapiga magoti akaniosha kama mtoto. Hajasema neno bado. Lakini ameniosha.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya ndege, uwanja wa juu. Kalamu ndiyo kitu pekee ninachoweza kuushikisha mkono wangu.

Tulipanda gizagiza. Abiria sisi watatu: mimi, daktari, na Fundi Mkuu — alikuja na koti lake, akaketi siti ya mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu. Mawingu njia nzima. Daktari alikuwa amelikumbatia lile sanduku. Nilisikia miguu inashuka, ule mlio wa chini ya sakafu ninaoujua kuliko sauti yangu, nikahesabu mwenyewe moyoni. Sikuziona taa. Fundi Mkuu alikuwa amefumba macho.

Tukagusa. Tope likapiga matumbo ya mabawa. Ndege ikayumba, ikanyooka, ikakimbia, ikakimbia, ikasimama.

Nikashuka wa kwanza. Na nitaandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu: nilichuchumaa kwanza nikautazama mguu wa kushoto. Kwanza mguu. Ulikuwa umesimama wima, umejaa tope, mzima. Ndipo nikainua kichwa kumtafuta mdogo wangu.

Hakuwepo. Mlinzi wa uwanja anasema gari la hospitali limekwama upande wa pili wa kijito, wanambeba kwa machela. Daktari hakusubiri, amekwenda kuwapokea na sanduku lake, amevua viatu.

Kapteni anatazama mawingu, anatazama saa, anatazama mawingu. Upenyo unazibika.

Simu imepata mtandao sasa hivi. Ujumbe wa Meneja: "Majibu ya ile pini yametoka. Nipigie." Hakuandika ni nini. Fundi Mkuu ameusoma begani kwangu. Tumetazamana. "Piga," akasema. Halafu: "Au usipige."

Sijapiga. Sitaki kujua kabla sijamwona. Nikijua kwanza, sijui nitamwangalia kwa macho gani.

Wametokea! Kule mwisho wa nyasi. Wanne wamebeba, daktari pembeni ameinama juu ya machela. Wanatembea polepole. Kwa nini polepole? Ni tope. Bila shaka ni tope. Shemeji yuko mbele, mkono mmoja ameunyoosha juu, hajaushusha tangu wametokea. Nilidhani ananipungia, nikampungia.

Si kupunga. Ameshika chupa ya dripu.

Kapteni amewasha injini ya kulia. Simu inatetemeka tena, Meneja anapiga. Acha itetemeke. Mkono wa shemeji unaanza kushuka, amechoka, nakwenda kuishika mimi.